Mtoto mwenye usonji anapokataa kula: tulivyotoka kwenye chipsi hadi mtori

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini, na kwenye droo ya mashine yangu kuna madaftari mawili. Moja ni la vipimo vya wateja: kifua, kiuno, mkono, urefu. Jingine ni la mwanangu wa pili, ambaye sasa ana miaka sita na ana usonji. Jina lake silitaji humu, kwa sababu akikua ataamua mwenyewe nani ajue habari zake. Katika daftari hilo nimeandika kila alichokula kwa karibu mwaka na nusu, tangu enzi ambazo chakula chake kilikuwa vitu vinne tu: chipsi, biskuti za aina moja, uji mweupe wa sembe kwenye kikombe cha bluu, na chai ya maziwa. Ukibadilisha kikombe, uji haunyweki. Ukimletea chipsi zilizolowa, anaanza kutapika kabla hazijafika mdomoni.

Naandika kwa ajili ya mzazi, bibi, dada wa kazi au mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu anayekaa na mtoto wa namna hii. Mengi nilifundishwa na mtoa tiba kwa vitendo, mtaalamu anayemsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku kama kula na kuvaa, kisha nikayafanyia kazi mezani kwangu, maana mama yake anatoka alfajiri kuwahi ndizi sokoni Mbuyuni na kumlisha mtoto ni zamu yangu.

Wala usidhani ni wewe peke yako. Wataalamu wanakadiria kwamba hata kwa watoto wasio na ulemavu wowote, robo yao na zaidi hupitia shida fulani ya kula. Kwa watoto wenye usonji, sindromu ya Down, mtindio wa ubongo na matatizo mengine ya ukuaji, wanaweza kufika wanane kati ya kumi. Kwa hiyo mtu akikuambia umemdekeza, mwache aseme, wewe endelea kusoma.

Kwanza mwili

Usianze na tabia kabla hujajua kama mwili unauma. Mwanangu alikuwa anamaliza siku nne, hata tano, bila kupata choo. Mimi nikasema, atapataje choo wakati hali chakula? Daktari akanigeuzia maneno: hali kwa sababu tumbo limejaa. Akampa dawa ya kulainisha choo na kutueleza jinsi ya kuiendeleza bila kuikatisha mara tu choo kinapotoka. Ndani ya wiki mbili mtoto akaanza kunishika mkono kunipeleka jikoni. Sikuwa nimebadilisha kitu kingine chochote. Mtoto asiyeweza kusema "tumbo linaniuma" husema kwa kusukuma sahani.

Mwombe daktari aangalie pia meno na fizi, vidonda mdomoni, tindikali inayopanda kooni baada ya kula, minyoo, na upungufu wa damu. Mtajie dawa zote anazotumia mtoto, maana ziko zinazokata hamu ya kula. Na usidanganywe na unene. Mtoto wa chipsi na biskuti anaweza kuwa na mashavu na bado akakosa virutubisho. Fizi zikitoka damu, au miguu ikimuuma hadi anakataa kutembea, inaweza kuwa vitamini C imepungua mwilini, na hilo ni la hospitali, halisubiri.

Sasa soma hapa taratibu. Kama mtoto anapaliwa au kukohoa kila anapokula au kunywa, kama sauti yake inakuwa ya majimaji baada ya kumeza, au nimonia inamrudia kila mara, usifuate mwongozo huu. Chakula huenda kinaingia kwenye njia ya hewa. Hili ni la kuangaliwa sana kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Anapofunga mdomo, mara nyingi anajilinda tu, na ukimzoesha kufungua mdomo unaweza kumuumiza. Aangaliwe kwanza jinsi anavyomeza. Kwa sisi wa huku, nenda hospitali ya KCMC au ya Mawenzi, ueleze hayo niliyotaja kwa maneno hayohayo, na uulizie tiba kwa vitendo na mtu wa lishe.

Kwa mtoto wa miezi sita hadi chini ya miaka mitano, utepe wa kupima mkono unaokuta kliniki unasema mengi: chini ya sentimita 12.5 ni hatari, chini ya 11.5 ni hatari kubwa na anatakiwa matibabu ya lishe mara moja. Aliyevuka umri huo, mfuatilie kwa uzito. Kilo zikishuka, au zikisimama palepale miezi kadhaa, kazi ya mezani iende pamoja na daktari.

Kuna jambo bado linanichoma. Mwanzoni kabisa, kwenye zahanati moja niliyopita, mhudumu aliniambia nimnyime kila kitu kwa siku mbili, njaa itamfundisha. Nikamsikiliza siku moja na nusu. Mtoto hakula wala hakunywa. Midomo ikapasuka, mkojo ukawa mweusi kama majani ya chai, na hakulia tena, akawa amelala tu upande mmoja akiangalia ukuta. Watoto wengi njaa huwapeleka kwenye sahani. Mtoto mwenye usonji anaweza kukaa na njaa yake mpaka akaugua. Usijaribu hata nusu siku.

Wiki moja ya kuandika tu

Ukishatoka hospitalini, usikimbilie kubadilisha chakula. Kwa siku saba andika. Kila mlo, mambo matatu: nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, na nini kilifuata. Hicho cha tatu ndicho chenye siri. Nanukuu ukurasa mmoja wangu kama ulivyo:

"Jumanne, saa 7 mchana. Kabla: bibi kaweka wali na mchicha mbele yake. Yeye: kasukuma sahani, kapiga kelele, kajipiga kichwani. Baada: bibi kaondoa sahani, kambeba, kampa biskuti mbili."

Nilipofika siku ya nne nikarudi nyuma kusoma, na kila ukurasa ulikuwa unasema kitu kilekile. Akisukuma, sahani inaondoka. Akipiga kelele, biskuti inakuja. Akijipiga, anabebwa. Pale barazani kwangu, nikianza kumshonea kwanza mteja anayepiga kelele, baada ya mwezi wateja wangu wote watakuwa wanapiga kelele, na hawatakuwa watu wabaya. Watakuwa wamejifunza bei yangu. Mwanangu alikuwa amejifunza bei yetu. Simlaumu bibi yake wala sijilaumu. Mtoto akilia na njaa, mkono unakwenda kwenye biskuti wenyewe.

Tafuta basi kwenye daftari lako ni malipo gani mtoto anapata kwa kukataa. Kwa kawaida ni moja kati ya haya: chakula asichokitaka kinaondoka, watu wanamzunguka, au anapata kile anachokipenda. Tiba nzima ya tabia ni kuhamisha malipo hayo. Yatoke upande wa kukataa, yaende upande wa kujaribu.

Andika vilevile vyakula vyote anavyokubali, na usiishie kwenye majina. Vina rangi gani, ni vikavu au vyenye majimaji, vya moto au vya baridi, vinatafunika vipi. Orodha yangu ilinionyesha kwamba anapenda kikavu chenye kuvunjika au laini kabisa isiyo na donge. Cha katikati, chenye mabonge ndani ya majimaji, hakitaki. Sasa fikiria mtori ulivyo, ndizi zilizopondwa ndani ya supu ya nyama. Uchagani mtori ndio chakula cha mzazi, cha mgonjwa, cha mgeni, na kwa ulimi wake ulikuwa ndio mtihani mgumu kuliko yote.

Saa na kiti

Hapa nitapita haraka, lakini usiparuke. Weka milo mitatu na vitafunio viwili kwa saa zisizobadilika. Sisi ni saa 1 asubuhi, saa 4, saa 7, saa 10, na saa 1 usiku. Katikati ni maji tu. Chai ya maziwa na biskuti za kutembea nazo zote ziingie ndani ya saa za kula, hata kama ni kidogo kidogo. Mtoto anayenyonya kikombe cha chai kutwa hafiki mezani na njaa, na chai yenyewe inazuia mwili kuchukua madini ya chuma. Mlo usizidi dakika 30. Za kujifunza kitu kipya zinatosha dakika 10, mwanzoni hata 5.

Kiti kina kazi kubwa kuliko nilivyodhani. Miguu inayoning'inia humfanya mtoto atumie nguvu kujishikilia. Fundi seremala wa jirani alinitengenezea kiti chenye mgongo wima na kibao cha kukanyagia, magoti yakikunja sawasawa na nyonga. Chakula huliwa hapo tu. Televisheni na simu zikae mbali, na redio ya dirishani izimwe. Baadhi ya watoto hawa kelele zinawaingia kama pini.

Kutafuta malipo

Watu wengi hufikiria pipi. Mimi nilimtazama siku mbili nione anakimbilia nini akiwa huru, na kila mara nilimkuta pembeni ya cherehani ya mkono ya marehemu mama yangu, anazungusha gurudumu na kulisikiliza. Basi nikaifunika kwa kitenge. Gurudumu likawa halipatikani popote isipokuwa mezani, wakati wa somo la chakula. Hilo ni sharti: malipo yanayopatikana bure hayanunui kitu.

Yanatolewa papo hapo, kabla hujamaliza kuvuta pumzi, pamoja na maneno yanayotaja alichofanya. "Umegusa ndizi! Haya, zungusha." Nahesabu hadi kumi kwa sauti, tunasimamisha, tunaendelea. Usiseme "mtoto mzuri" peke yake, hatajua uzuri umetoka wapi. Nilibandika pia picha mbili kwenye kipande cha boksi, ndizi kushoto na gurudumu kulia, nikawa namwonyesha kwa kidole: kwanza hii, halafu hii. Maneno matupu yalikuwa yanampita, picha aliishika siku ya pili.

Ngazi ya ndizi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Usichague chakula unachotaka wewe ale. Chagua kilicho jirani na anachokula tayari, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nilitaka mtori, lakini nilianza na chipsi zake.

Kwanza nikakaanga chipsi nyumbani. Nilipima za dukani kwa futi yangu, nikakata za kwangu unene uleule, nikaziweka ndani ya karatasi ileile ya kibandani. Akazila baada ya siku tatu. Kisha nikachukua ndizi mshare mbichi, nikaikata vilevile na kuikaanga hadi ikauke. Umbo ni lile, mlio ni ule, harufu na utamu ndivyo vigeni. Kipande cha kwanza hakikuzidi punje ya mchele. Sikutia chumvi maneno: ni punje ya mchele kweli, niliikata kwa mkasi wa nyuzi.

Na sikumwambia "kula". Kula ni ngazi ya mwisho. Mtoto wangu alipitia hizi: ndizi ikae mezani yeye akiwa amekaa, ikae kwenye sahani yake, aiguse kwa kidole, aiokote na kuitupa kwenye bakuli dogo la pembeni, ainuse, aiguse kwenye mdomo, ailambe, aing'ate na kuitema, na hatimaye aimeze. Kila kidato kililipwa kwa gurudumu. Kulamba kulichukua siku kumi na moja. Mtoto wako anaweza kuruka vidato vitatu kwa siku moja, au akakwama kwenye kunusa mwezi mzima. Fuata mtoto, achana na kalenda.

Lile bakuli dogo usilidharau. Mtoto anayejua pa kuweka asichokitaka hana haja ya kutupa sahani. Kabla ya hapo tulikuwa tunaokota wali ukutani.

Mlo wenyewe unakwenda hivi. Anakaa, anakula vipande viwili vya chipsi zake ili aanze kwa amani. Halafu namwomba mambo matatu mepesi anayoyaweza, harakaharaka: "Piga makofi. Shika pua. Nipe tano." Akiwa kwenye mwendo huohuo wa kukubali, naingiza lile gumu: "Gusa ndizi." Akigusa, gurudumu. Kisha chipsi moja, kisha tunarudia. Mara tano hivi, tunafunga akiwa bado anataka kuendelea. Chakula chake cha kushiba kinafuata, na hakipungui kwa sababu ya somo. Mtoto asilipishwe njaa kwa ajili ya mafunzo.

Akifanya kidato kwa milo mitatu mfululizo bila kulia, panda. Akishindwa siku mbili, shuka kimoja, bila kukunja uso. Na usiandike "hapendi" kwenye jaribio la tatu. Mtoto huweza kuhitaji kuonja kitu mara kumi, kumi na tano, hata zaidi, kabla ulimi haujakikubali.

Kutoka ndizi ya kukaanga tulikwenda kwenye ndizi iliyochemshwa nusu kisha ikakaangwa nusu, kisha ya kuchemsha yenye chumvi. Baada ya hapo nikaanza upya kutoka upande wa pili, upande wa laini, kwa sababu uji alikuwa anaukubali: ndizi iliyopondwa na kupitishwa kwenye chujio, kijiko kimoja cha chai ndani ya kikombe cha bluu. Wiki iliyofuata sikuchuja, niliponda tu kwa mwiko. Halafu nikaponda kwa uma. Ulaini unapungua kwa hatua ambazo ulimi hauzishtukii, mpaka siku moja unamkuta anameza mabonge.

Akilia, akitema, akitapika

Jiandae, maana siku za kwanza atazidi. Malipo ya zamani yakikatika, mtoto huongeza sauti kwanza ili kuona kama yatarudi. Siku yetu ya tatu alitupa sahani, kiatu na kibao cha kukanyagia. Ungekuwepo ungesema mbinu imeshindwa, kumbe hapo ndipo inapoanza kushika.

Akipiga kelele, usigombe wala usibembeleze. Kaa karibu ahisi yuko salama, uso wako uwe mtulivu, macho yako yaangalie pembeni. Kitu kimoja usikifanye: usiondoe sahani katikati ya kelele. Subiri kimya kidogo, sekunde tatu zinatosha, omba jambo dogo kabisa, hata "gusa meza", lipa, kisha funga mlo. Aondoke mezani kwa sababu ametenda jambo. Akijiumiza, zuia mkono wake taratibu bila hotuba.

Kutapika ni jambo jingine. Akianza kutaka kutapika, ulimi wake umefika mwisho, na hafanyi ukaidi. Rudi kidato kimoja au viwili. Akitapika, futa kimya, mpe maji, mpumzishe, na funga kwa kugusa tu.

Iko mbinu ambayo wataalamu huitumia, ya kushikilia kijiko mbele ya midomo mpaka mtoto akubali, bila kukiondoa hata akilia. Imesaidia watoto waliokuwa wanalishwa kwa mpira wa puani. Usiifanye peke yako nyumbani. Inahitaji mtu aliyefunzwa na daktari aliye karibu, na mzazi akiianza akaiachia njiani kwa huruma, anakuwa amemfundisha mtoto kulia kwa muda mrefu zaidi. Na kumlaza mapajani, kumziba pua na kummiminia, kama tulivyonyweshwa uji wengi wetu utotoni, hiyo si tiba. Chakula huingia kwenye mapafu, na woga wa kijiko unabaki miaka.

Usifiche

Hili nalieleza kwa masikitiko. Tulipokuwa hatujaanza ngazi yoyote, nilisaga dagaa unga laini nikauchanganya kwenye uji wake mweupe, kijiko kimoja tu, nikijua nimempatia protini. Alikunywa funda moja. Akaangalia ndani ya kikombe, akaniangalia mimi, akakiweka chini polepole kwa mikono miwili. Hakugusa uji kwa wiki saba. Vyakula vinne vikawa vitatu, na kikombe cha bluu ilibidi tukianzishe upya kwa maji ya kunywa.

Chakula salama cha mtoto usikiguse kwa siri. Kama unataka kuongeza kitu, kiweke pembeni akione, akiguse, akijue. Vivyo hivyo dawa. Muulize mfamasia kama ipo ya maji au njia nyingine, kuliko kuiponda kwenye chakula pekee anachokiamini.

Mikono mingine, nyumba nyingine

Mtoto akila kwako tu, hajajifunza kula, amejifunza wewe. Nilipoona ndizi imekaa sawa, nilimwita mama yake akae pembeni yangu milo miwili, kisha akashika kijiko mimi nikiwa pembeni, kisha nikatoka nje. Halafu dada yake mkubwa. Bibi alikuwa wa mwisho, kwa sababu moyo wake kwa mjukuu ni mwepesi, na tulikubaliana jambo moja tu: biskuti ziko kwenye saa zake. Nilimwandikia saa hizo kwa herufi kubwa ukutani. Tangu tuafikiane, ndiye anayezifuata kuliko sisi wote.

Mtihani ukaja Desemba, tulipopanda kijijini Kibosho kwa Krismasi. Kihamba, yaani shamba la ukoo, kimejaa ndugu, moshi wa kuni, sufuria kubwa, kila shangazi ana kijiko chake na kila baba mdogo ana ushauri. Nilichofanya ni kuwahi. Nilipiga simu wiki moja kabla, nikamweleza kaka yangu mkubwa, yeye akawaambia wengine, maana neno la mkubwa halirudishwi. Tulibeba kiti, kikombe cha bluu na kile kipande cha boksi. Gurudumu lilibaki mjini, badala yake nilichukua bobini tatu alizokuwa anapenda kuzizungusha chini. Nilimshusha vidato viwili kwa makusudi, nikamtaka anuse tu. Siku ya pili akala ndizi vipande vinne chini ya migomba, mbali kidogo na watu. Mtori wa sufuria kubwa hakuugusa, na sikumwomba.

Malipo nayo yapungue. Kutoka kila tonge, nikaenda kila matonge mawili, kisha matano, kisha mwisho wa mlo. Leo cherehani haijafunikwa tena. Huwa anaipita akielekea mezani, wakati mwingine anaigusa tu.

Homa ikimpata, kila kitu kitarudi nyuma. Mwezi wa nne alipata malaria, na kwa siku kumi alirudi kwenye uji na chai. Mpe anachokubali mpaka apone, maji mengi, kisha anza vidato viwili chini ya ulipokuwa. Kupanda mara ya pili kulituchukua siku tisa, mahali ambapo mwanzo palichukua wiki sita.

Sasa tuko kwenye nyama. Nimeanza na supu yake tu, kijiko kimoja ndani ya mtori, akiona ninavyomimina. Nikishafika vijiko vitano bila kelele, nitasaga nyama laini na kuiweka kwenye kisahani chake pembeni, ikae tu. Ukurasa wa jana unasomeka hivi:

"Alhamisi, saa 7 mchana. Kabla: mtori kwenye bakuli, supu vijiko viwili kamimina mwenyewe. Yeye: vijiko kumi na moja, kaacha mabonge matatu kwenye bakuli dogo. Baada: kapigiwa makofi na bibi. Kaomba maji kwa mkono."